Kushikiza

Maabila, mtaa wa gereji, saa nne usiku,
joto limeketi juu ya bati kama mdai.
Zedi nyekundu imefunuliwa boneti
na mimi, tochi mdomoni, napima kwa rula ya shule
nafasi iliyobaki ubavuni mwa injini:
vidole vitatu.
Turbo inataka vitano.

Walioliunda gari hili hawakumwekea mgeni kiti.
Basi nakata kadibodi ya boksi la maziwa,
naikunja, naichomeka, naitoa, naikunja tena,
mpaka karatasi ikubali kupita
pale chuma kitakapopita.

Mwenyewe anaitwa Muatasim.
Alikuja na dishdasha nyeupe, harufu ya udi,
na picha kwenye simu: seti nzima kutoka Japani,
bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa.
"Nitengenezee hiyo hiyo," alisema, "kwa robo."
Nikamwambia hiyo hiyo sina.
Nina mabomba ya chuma kisichoshika kutu
yaliyobaki kwenye kazi ya jiko la hoteli,
nina turbo ya lori dogo lililopinduka Ibri,
gesi nusu mtungi,
na wiki tatu.

Mama yangu alikuwa akishona kofia, Khodh,
vishimo elfu, sindano moja.
"Shikiza kwanza," alikuwa akinifokea, "ndipo ushone.
Kitambaa kisichoshikizwa kinakimbia."
Chuma nacho kinakimbia, Mama.
Ukikipa moto upande mmoja kinajipinda
kama mtu aliyesingiziwa.
Nashikiza nukta tatu, naacha kipoe,
nageuza, nashikiza nukta tatu.
Ghulfam wa Sialkot ananibania flanji kwa koleo
na kuhesabu kwa Kiurdu
sekunde zile zile ninazozihesabu kwa Kiarabu.

Usiku wa kumi na saba nikajisahau.
Nikadaka bomba lililotoka motoni sasa hivi,
glavu iko mezani.

Nanunua mkate kwa Kiarabu,
nabishana na trafiki kwa Kiarabu,
mwanangu namwimbisha hesabu kwa Kiarabu,
lakini nikiungua, naungua kwa Kiswahili.
Likatoka lote, la uani na la sokoni,
lile ambalo Mama angelifuta kwa kofi.

Kimya.
Kisha, nyuma ya gari, kicheko.
"Bibi yangu," akasema Muatasim,
na safari hii hakusema Kiarabu,
"alikuwa akitukana hivyo hivyo chai ikimmwagikia."
Wiki mbili na nusu tumebishana bei
kwa adabu za watu wasiojuana!

Turbo, kama hujui, ni ubahili.
Moshi uliokwisha kazi, unaokwenda zake nje,
unashikwa shati mlangoni: subiri,
nizungushie kwanza hili pangaboi.
Nalo likizunguka linavuta hewa mpya,
linaishindilia kifuani mwa injini
mpaka gari dogo linajiona kubwa.
Niliyawaza hayo nikipaka dawa ya meno kiganjani,
yeye akinisimulia bibi yake wa Mkoani,
maneno mengine akiyavunja katikati,
mengine kayatunza mazima kama vikombe vya wageni.

Alhamisi tukaliwasha.
Likakohoa, likaguruma, sindano ya shinikizo ikapanda,
na kwenye kiungo cha nne ikatoka filimbi nyembamba.
Ufa wa unywele.
"Inavuja," nikasema.
"Inaimba," akasema yeye, mguu unataka barabara ya Barka.
Nikazima. Nikachukua grainda.

Akatazama wiki tatu zangu, akatazama grainda,
akageuza ndoo, akakaa,
kanzu kaikunja mpaka magotini, oili imemrukia kifuani.
"Kata," akasema. "Lakini bei haipandi."
"Haipandi. Shika taa vizuri.
Si hapo, hapa."