Shimo la Kumi na Saba

Łódź, mwezi Machi, saa moja asubuhi.
Tunasimika kekee penye kigingi cha kwanza
kati ya vigingi ishirini na vinne,
katika kiwanja ambacho hakuna anayekiita kwa jina
ila watoto. Wao hukiita Uwanjani.

Manispaa inataka bustani.
Imekwisha kuchora mabenchi, bembea,
hata vivuli vya miti ambayo haijapandwa.
Mimi nimeletwa kuiuliza ardhi kama imeridhia.

Ardhi hujibu kwa vipande vya mita moja moja:
kifusi, majivu, tofali lililoungua,
kisha mfinyanzi, kimya kama shahidi aliyelipwa.
Ninanusa. Kanuni zinakataza kunusa.
Yeyote aliyefundishwa kazi hii na fundi mkongwe
hunusa.

Ludwika anaandika: la tatu, harufu ya mafuta.
La tisa, hakuna. La kumi na mbili, hakuna.
Tukaanza kuuamini mchoro wa manispaa.

La kumi na saba likatoka buluu.
Si buluu ya mbingu. Buluu ya wino uliomwagika
kwenye daftari la mtoto, naye akalifunga
akanyamaza.

"Mmechelewa," sauti ikasema nyuma ya uzio.
Kazimiera Pietrasik, miaka themanini na mmoja,
mkononi fimbo na mfuko wa viazi.
Alitia nguo rangi hapa miaka ishirini na sita.
"Chini ya barabara hiyo kuna mto, waliuziba kwa zege.
Ulipokuwa wazi hatukuhitaji kalenda:
zambarau, Jumatatu; kijani, Jumatano;
Jumapili tu ndiyo ulikuwa maji."

Akanyoosha fimbo.
"Mapipa yako pale. Si hapo ulipo. Pale.
Tuliyafukia usiku wa theluji,
wanawake wanne na msimamizi mwenye taa.
Kila mmoja akapewa kitambaa cha gauni.
Changu nilikishona.
Nilikivaa harusini kwa dada yangu,
na kila mtu akanisifu rangi."

Fomu yangu ina kisanduku cha kina,
kisanduku cha unyevu, kisanduku cha rangi
(kwa namba, si kwa jina).
Hakuna kisanduku cha gauni.
Nikaandika pembeni, kwa penseli: *mashahidi wapo.*

Funika kombe, walisema, mwanaharamu apite.
Lakini huyu bado yuko njiani miaka hamsini,
kila theluji ikiyeyuka anashuka kidogo,
anapapasa gizani akitafuta ule mto.

Majibu ya maabara yakaja Aprili.
Kromiamu. Risasi.
Kiswahili kilikwisha kuyaweka madini na mauti
katika neno moja; maabara wanatumia vipimo.
Nikaandika: upande wa mashariki, chimbeni, ondoeni.
Upande wa magharibi, nusu mita ya udongo safi,
nyasi, njia ya kutembea.
Hakuna sanduku la mchanga. Hakuna mti wa matunda.
Nikaisoma tena ripoti
nikaiona inafanana na cheti cha mgonjwa
anayeruhusiwa kwenda nyumbani
kwa masharti.

Siku ya kung'oa vigingi nilimkuta Ksawery,
labda miaka tisa, magoti yana vumbi la hapo hapo.
Goli lake ni matofali mawili;
la kushoto limekaa, nakuapia,
juu ya kifuniko cha la kumi na saba.

"Mtatufukuza?"
Nilikuwa na jibu lenye kurasa arubaini na moja.
"Kwa muda," nikasema.
"Muda gani?"
Nikatazama mchoro, mabenchi, vile vivuli.
"Utakuwa na ndevu kidogo."

Alifikiri. Hakulia, hakucheka.
Akabeba tofali moja, akanipa mimi la pili,
akahesabu hatua kuelekea magharibi,
mimi nyuma yake,
hadi nikasema basi,
hapa.

Nilimwambia anawe mikono.
Jioni nikasugua buti zangu mara tatu.
Kwenye mshono, karibu na kisigino,
bado kuna Jumanne fulani
ambayo Kazimiera hakunitajia rangi yake.