Anapatikana Siku Yoyote

Mimi ndiye mshika daftari la wasemaji.
Chuo kimenipa simu, dirisha la kutazama maegesho,
na majina mia moja na kumi na manne
ya wasomi walio tayari kusimama mbele ya umma:
huyu uchumi, huyu chaguzi, huyu sayari,
huyu moyo wa binadamu, yaani mishipa, si mapenzi.
Piga, nikupe mtu, tarehe na gharama ya nauli.

Wa uchumi hapumziki ila Krismasi.
Wa sayari ana koti la safari na vichekesho vitatu.
Lakini chini kabisa ya ukurasa wa kumi
alikaa miaka kumi na mmoja bila kuitwa
Dokta Eluned Prosser. Mada: kuvumwani.
Ada: hakuna. Anapatikana: siku yoyote.

Siku yoyote! Maneno hayo yalinichoma.
Kila Septemba alikuja kuhakiki maelezo yake,
mvua ya Wales ikimchuruzika kwenye miwani;
akasahihisha koma,
akauliza kama aulizaye hali ya mgonjwa,
"Hakuna aliyenitafuta?"
Nami nikasema watu hawajui wanachokikosa.
Maneno ya kupoza tu. Chai ya wodini.

Februari, simu. Sauti kavu kama chaki:
Emrys Bebb, katibu wa makaburi, Nant-y-Garreg.
"Tumegawanyika. Nusu wanataka mawe yasuguliwe kwa brashi ya waya,
nusu wameapa kuyalalia.
Mna mtu anayeijua hii takataka ya manjano?"

Nilisimama. Peke yangu ofisini, nilisimama.

Nikampeleka kwa gari langu. Projekta iligoma.
Watu kumi na watatu, birika la chai, vikeki bapa vya zabibu,
na yeye akaanza vibaya, kwa Kilatini.
Mtu akapiga mwayo hadi machozi.
Ndipo akaikunja karatasi akaikalia.

"Si kitu kimoja," akasema. "Ni wawili.
Kuvu anajenga nyumba, mwani anapika kwa jua."
(Jina lenyewe, nikawaza, ni cheti cha ndoa.)
"Na hawana haraka. Huyu wa manjano
hutanuka nusu milimita kwa mwaka.
Mkimsugua, mnafuta kalenda."

Walitoka wote na miavuli na tochi
wakamwonyesha mawe kama watu wanavyomwonyesha daktari vidonda.
Huyu wa lini? Na huyu?
Alikuwa amechangamka, nywele zimemganda shingoni,
rula ya plastiki mkononi, ya watoto wa shule.
Sijapata kumwona mtu akiitwa hivyo.

Kando ya ukuta, jiwe la sleti lisilo na jina.
"Na hili?" akauliza Nesta Pugh, mwenye maua.
Eluned akapiga magoti matopeni,
akapima duara kubwa, midomo ikihesabu.
"Miaka mia moja na ishirini. Takriban."
Akainua uso akitabasamu.

"Basi si Idwal," akasema Nesta.

Mvua ikasema yake.
Idwal kaka yake, aliyekufa hajaota meno,
na dada mtu kuleta maua pale
tangu alipoweza kuvuka barabara peke yake.
Eluned aliitazama rula
kama mtu aliyemkata mwenzake na hakujua ameshika kisu.
Akaanza kusema mawe hutofautiana, kivuli, unyevu;
akaacha.

Nesta akainama taratibu, goti moja, kisha jingine,
akayalaza maua palepale.
"Yeyote aliyemo," akasema, "ameshazoea."

Kura haikupigwa. Brashi zilirudi stoo.
Njiani hatukuzungumza mpaka taa za mji.

Septemba alikuja kuhakiki, miwani ina maji.
Hakuuliza kama kuna aliyemtafuta.
Kwenye mada, baada ya kuvumwani, aliweka koma,
akafikiri, kalamu hewani,
akaandika: na makosa ya vipimo.
Siku yoyote akaiacha ilivyo.