Safu ya Tatu

Mvua ya Rungwe haina ratiba.
Imeingia tena chini ya mlango wa ofisi,
mlango aliouranda Ipyana
mwaka ule karakana ilipofunguliwa,
ukapinda kabla gundi haijakauka.
Tulitaka kuung'oa.
Mchungaji Mwasumbi akasema, uacheni,
mtu alijifunzia hapo.
Basi kila Machi naweka gunia,
na kila Machi gunia linalowa.

Kazi yangu ni daftari.
Jalada la buluu, kona zimeliwa na panya,
safu tatu: jina, kilicholetwa,
na ile ya tatu iliyoandikwa *deni*
mpaka siku mchungaji alipolikata neno hilo
kwa wino mwekundu
akaandika juu yake: *bado*.

Subilaga Mwakibinga, darasa la pili:
debe la viazi, shilingi elfu nane.
Bado elfu kumi na mbili.
Watoto wa Lwitiko: mikungu miwili ya ndizi,
mmoja umeiva mno, tumeula siku hiyohiyo.
Anyosisye wa ushonaji hakuleta kitu.
Alileta mikono. Sketi ishirini na sita
za watoto wa awali zimepita chini ya sindano yake,
nami sikujua mikono inaingia safu ipi.
Nikaiandika pembeni, nje ya mstari,
pale ambapo watoto huchora vikaragosi.

Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hapa sijaona harusi wala matanga.
Naona mama anainama mlangoni,
kanga imeganda mgongoni kwa mvua,
anasema *ndaga*
kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu,
na maharage yake bado yana udongo.

Jioni vijana wa matarumbeta
wanafanya mazoezi nyuma ya choo cha walimu.
Wimbo mmoja, ubeti mmoja,
kosa lilelile kwenye sauti ya tatu.
Karakana inacheka kwa randa.
Kule kwenye kuchomelea cheche zinaruka,
na kijana mmoja, sitamtaja,
amevaa miwani ya kuchomelea kichwani
wiki nzima, hata kwenye ibada.

Imani yangu huwa ndogo siku za hesabu.
Sitasema kila mtu alifika.
Gwakisa alihitimu umeme wa majumbani,
cheti kina muhuri wetu, nao haukukolea vizuri.
Sasa yuko Tunduma, anabeba magunia mpakani.
Gunia halisomi cheti.
Nilimwombea, kisha nikamkasirikia,
kisha nikamkasirikia mwingine, aliye juu zaidi,
nikafunga daftari kwa nguvu
mpaka kalamu ikaanguka majini.

Juzi usiku simu ililia.
Shilingi elfu tano, na maneno machache:
*Dada, hii ni ya ile bado yangu.
Mlango umetengenezwa?*

Haujatengenezwa, Gwakisa.
Kila mwaka wanafunzi wapya wanaufungua bawaba,
wanauweka mezani, wanaupunguza upande huu,
unapanda upande ule.
Umekuwa mwembamba.
Siku moja utakuwa dirisha.

Kabatini kuna daftari la zamani.
Ukurasa wa nne, mwandiko si wangu:
*Tumpe, binti wa mchuma chai wa Katumba.
Mayai sita, moja limepasuka.
Bado.*
Hakuna tarakimu mbele yake.
Mimi ndiye mwenye kalamu sasa,
ningeweza kuchora mstari, yakaisha.
Miaka kumi na tisa nafungua ukurasa huo,
nautazama, naufunga.

Matarumbeta yameanza tena.
Nakamua gunia nje, maji mekundu,
nalirudisha mlangoni.
Kuna mtu anakuja kupanda njia ya migomba,
ameficha kitu ndani ya koti.
Kinalia kama kuku.
Sijui kuku nitamwandika shilingi ngapi.