Fundo la Nyuma

Juni, Mbeya. Ukungu umeshuka kutoka Loleza
umekalia mabati ya Mwanjelwa kama kuku aatamiaye,
nami niko mbele ya kioo, saa kumi na mbili na robo:
suti nyeusi ya kushonesha Kabwe, mabega yamekaa,
suruali pana ya siku hizi, raba nyeupe,
na shingo tupu
inayosubiri kusemewa neno.

Chini ya kitanda liko kopo la biskuti la mama mkubwa.
Maua ya mfuniko yamefutika, yamebaki mashina.
Ndani: hereni za kubana, zisizotaka tundu,
zinazouma sikio kama deni;
shanga za plastiki, rangi ya chungwa bichi;
saa ya kutia ufunguo, iliyogoma saa tisa na dakika saba
mwaka ambao mimi sijazaliwa;
miwani iliyochongoka pembeni kama mbawa za mbayuwayu,
kioo kimoja;
na skafu, hariri ya uongo,
manjano iliyokwisha kuwa chai ya maziwa.

Mwaka jana nilivaa vyote.
Vyote! Nikapita mapokezi nikilia chwa, chwa,
na Mwakalinga wa mikopo akainua macho kwenye makaratasi:
"Dada Tusekile, igizo linaanza saa ngapi?"
Nikacheka. Ndilo jina langu, kucheka.
Kisha nikaenda chooni, nikavua kimoja kimoja
kama anayemenya kitunguu,
na macho yakawa hivyohivyo.

Tangu siku ile najua: ya kale ni chumvi.
Mlaji akishasema "chumvi", imezidi.

Leo skafu, basi.
Namna ya kuifunga nimeitoa kwenye picha:
mama mkubwa Ambonisye, karani wa ushirika, Tukuyu,
amesimama studio mbele ya pazia lenye mlima wa kuchorwa
(na Rungwe yenyewe iko nje, mlangoni, bure).
Fundo liko chini ya sikio la kushoto,
ncha moja fupi, moja ndefu, kama mshale wa saa na wa dakika.
Lakini picha ina mbele tu.
Nyuma nimebuni.

Dirisha namba tatu. Saa nne.
Bibi mmoja anatoa pesa za viazi.
Nasukuma noti chini ya kioo, hazitazami.
Anatazama shingo yangu.
"Nani kakufunga hivyo?"
"Mwenyewe, bibi."
"Geuka."
Foleni ina watu kumi na saba. Mmoja anakohoa kwa makusudi.
Nikageuka.
"Ndiyo maana," akasema. "Umepitisha juu ya kola.
Ukiinama kwenye taipureta itakukaba. Sisi tulipitisha chini."

Akaweka fimbo kwenye kaunta, akainua mikono,
vidole vyenye udongo wa Uyole kwenye mikunjo,
akaanza kufunga hewa.
Akakunja hewa mshazari. Akaizungusha, akaipenyeza,
akaivuta kidogo, akaipapasa ilale.
Na mimi upande huu wa kioo namfuata,
kwake kulia, kwangu kushoto, napotea, narudi,
hadi kitambaa kikatulia shingoni
kama kimefika kwao.

"Sisi," alisema. Sisi gani, sikuuliza.
Alikwisha kulowesha kidole, anahesabu noti zake,
mara mbili, bila haraka ya mtu yeyote.

Alipogeuka nikaona koti lake: la mtumba,
lile la kuvimba, zambarau, jipya kuliko suti yangu,
na kwenye zipu, pale kishikio kiliponyofoka,
amefungia kifungo cha shaba cha sare ya reli,
kimesuguliwa kinang'aa,
kimoja tu.

Kwenye kioo cha dirisha nikajiona:
fundo limeangukia sikio la kulia.
Nililiacha hapohapo.
"Anayefuata," nikasema.