Hamali wa Ini

Daktari Nyaboke anageuza skrini.
Ini langu linang'aa, jeupe
kama mafuta yaliyoganda sufuriani.
"Sukari inageuzwa shahamu usiku kucha," asema,
"wa kuitoa ni wachache."

Baba alisukuma mkokoteni Marikiti
miaka thelathini, hakuacha gunia nyuma.
Alinirithisha magoti haya, kicheko,
na herufi moja iliyokosewa
katika agizo la kuajiri hamali.

Musembi, ndugu yangu, hunywa soda kama mimi,
vijiko vitano kwenye chai;
ini lake safi kama sahani ya mgeni.

Huzuni hukata maini, twasema.
Shahamu haikati. Inalala tu, inanenepa.

Jioni, River Road, naagiza chai bila sukari.
Mama Kasyoka anashusha birika:
"Pole. Umefiwa na nani?"