Chane Tatu za Mshare

Desemba ishirini na tatu, soko la Mbuyuni,
nimefunga elfu kumi na tano kwenye ncha ya kanga,
mafundo mawili.
Wageni wa kurudi nyumbani wamejaa njia nzima,
wanauliza bei pochi ikiwa tayari mkononi,
na wauzaji wakisikia lafudhi ya Dar
wanapandisha.

Mimi naongea Kichagga hata na nyanya.
Chane tatu za mshare: elfu tatu.
Maharage kilo: elfu mbili mia nane,
nikayachambua punje kwa punje
hadi Mama Aikaruwa akauliza
kama natafuta mchumba humo ndani.
Nazi mbili. Nazi imetoka Tanga ikapanda mpaka huku,
inajijua, haishuki hata ukiibembeleza.
Karanga nusu. Mnafu mafungu matatu,
umefungwa kwa kamba ya mgomba, bado una umande.
Nyanya, vitunguu, parachichi tano, iliki ya kunusia.
Ikabaki mia tano.
Hiyo ya sadaka. Nikaisokomeza kwenye soksi.

Mwaka wa pili huu sili chenye damu,
wala maziwa, wala yai.
Sikuota ndoto. Sikuhama kanisa.
Nilimlisha mbuzi maganda ya ndizi tangu Agosti,
akanijua kwa mlio wa ndala.
Siku ya kuchinjwa, kamba ilipomponyoka mtu,
hakukimbilia porini.
Alinijia mimi,
akanusa viganja vyangu, akitafuta maganda.
Basi, ndiyo hadithi nzima.
Ukitaka nyingine nitakukatia kitunguu tulie wote.

Kibosho, mkesha. Nimepewa figa la pembeni,
lile linalokula moshi wa wenzake.
Mjomba Ndelilio: "Daktari amekukataza?"
Shangazi: "Huyu amekuwa Msabato."
Binamu Elifuraha, miwani juu ya kichwa:
"Anabana matumizi tu."
Huyo wa mwisho alikaribia.
Mimi nashona vifungo vya sare za shule;
kilo ya nyama ni vifungo vingapi, sitaki kuhesabu.

Nikamenya. Utomvu ukanipaka vidole weusi
ambao limau halitoi, siku tatu nzima.
Maharage yalilowa tangu jana, magadi chembe,
ndizi juu yake, jani la mgomba likawa mfuniko.
Kiburu hakitaki haraka wala hakitaki kuchungulia.
Bibi alikipika miaka ambayo zizi lilikuwa tupu
na hakuna aliyemuuliza ni dhehebu gani.
Nikaponda kwa mwiko, nikamwaga tui zito,
mnafu nikauchanganya na karanga za kutwanga
mpaka ukawa na mafuta yake wenyewe.

Sikukuu ikaja na mpangilio wake.
Kidari kikapita mbele yangu
kikielekea kwa wenye haki nacho.
Chungu changu kilifunguliwa, kikatazamwa,
kikafunikwa kwa adabu.
Mtoto mmoja, Ekaeli, akasogea:
"Hii ina nini?"
"Haina."
Akafikiri. Akachukua parachichi,
akalinyunyizia chumvi, akaenda nalo mgombani.

Nikashuka mjini na sufuria nusu.

Tarehe ishirini na sita, Njoro, chumba cha kupanga.
Namkunda wa mlango wa pili hakwenda Upareni;
bosi wake alimwahidi mshahara mpaka simu ikazimwa.
Nilikaanga kitunguu hadi kikawa kahawia,
nikakatakata kiburu kilicholala, kimeganda kama mkate,
kikashika rangi pande zote mbili.
Strungi yenye iliki, vikombe visivyofanana.
Tulikula bila kusemeshana,
kisha vijiko vikaanza kukwaruza chini,
kwaru, kwaru,
na mwenye nyumba akagonga ukuta.

Namkunda akafuta mdomo,
akafungua ncha ya kanga yake,
akaniwekea mia tano kiganjani.
"Ya mwakani," akasema.
"Nazi iwe tatu."