Inayoelea

Nyangao, kitanda cha saba.
Daktari Nambunga anatelezesha kifaa kifuani mwa mama,
ananigeuzia skrini:
moyo umezungukwa na giza, unaelea.
Nakumbuka mbegu za korosho ndooni,
inayozama hupandwa,
inayoelea hutupwa.

"Huenda figo," asema. "Huenda virusi,
saratani, au tezi ya shingo iliyolala."
Shangazi Somoe akadakia: ni machozi
aliyoyameza siku ya kumzika Mchopa.
Daktari hakucheka. Akauliza tu:
"Nyumbani, nani anakohoa?"

Tukatazamana.
Mjomba Nalinga, tangu tupulizie mikorosho salfa,
anakohoa usiku, anakonda,
mkanda ameutoboa matundu mapya mawili.
Sisi tulisema: salfa.
Na mama ndiye aliyempelekea uji,
akikaa naye, dirisha limefungwa
kwa baridi ya Julai.

Sindano imeingia. Chupa inajaa
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
"Yote haya yangu?" mama anauliza,
na pumzi yake, leo,
inafika mwisho wa swali.

Majibu ya maabara ni Alhamisi.
Nimetoka barazani kumpigia mjomba.
Simu inaita, inaita.
Kilichopokea ni kikohozi.